Mzee kaambiwa "ni mishipa", dada kashaleta soksi za kubana, tumvalishe au tusubiri?

Mtoto wa Mwisho
Habari zenu wakuu, naomba mawazo yenu hasa waliowahi kuuguza au wenye taaluma. Mzee wangu ana miaka 67, sigara kaanza zamani mpaka mwenyewe hakumbuki, presha anayo na dawa anameza akikumbuka. Sasa kama mwaka hivi nikitembea naye naona anasimamasimama njiani. Mwanzoni nilijua anapigiwa simu, maana anaitoa mfukoni, anaiangalia, anaiweka sikioni kidogo, halafu huyo tunaendelea. Baadaye ndo nikashtuka simu haijaita wala nini, mzee anapumzisha mguu na hataki tujue. Nilivyombana akasema kigimbi cha kushoto kinakaza kama kimeshikwa na koleo, akisimama dakika mbili tatu kinaachia, akienda umbali ule ule kinashika tena.

Tukampeleka akatazamwe, akaminywaminywa mguu juu ya suruali, akaambiwa "mzee hii ni mishipa tu, umri huo", akapewa vidonge vya maumivu na vitamini tukarudi. Dada yangu ana shoga yake alikuwa na shida ya mishipa akavaa zile soksi ndefu za kubana akawa fresh, basi na yeye kanunua, hizi hapa mezani. Shemeji anasema aloweke miguu kwenye maji ya moto kila usiku. Mimi roho inasita ila sababu ya maana sina. Tumvalishe?

Kigoda cha Nyuma
Mvalishe tu mkuu unasubiri nini. Bimkubwa wangu miguu ilikuwa inavimba jioni, mishipa imejikunja kama minyoo, kazivaa na sasa anapiga kazi zake vizuri. Kitu kimesaidia watu nyie mnaogopa soksi.

Nesi Mstaafu
Mtoto wa Mwisho, hizo soksi weka kabatini kwanza na maji ya moto mwambie shemeji asubiri.

Kinachotuponza ni hili neno mishipa. Kwa Kiswahili chetu kila uzi uliopo ndani ya mwili ni mshipa. Kuna inayotoa damu kwenye moyo kwenda miguuni, hizo ni ateri. Kuna inayoirudisha damu juu, hizo ni vena. Kuna mishipa ya fahamu, hiyo haipitishi damu kabisa. Na wengine hata kano wanaita mshipa. Mtu akiambiwa "una mishipa" anatoka na jina moja la magonjwa manne, anaenda kuazima dawa ya jirani mwenye mishipa mingine.

Bimkubwa wa Kigoda shida yake ilikuwa vena, damu inashindwa kupanda inatuama, soksi inaisukuma juu, sawa kabisa. Mzee wako kwa hayo uliyoeleza nahisi ni ateri, yaani damu inashuka kwa shida. Sasa mguu ambao damu haifiki vizuri ukienda kuubana tena unaufanyia nini? Nimeshaona ngozi ya kifundo imekufa kwa soksi tu, na aliyemnunulia alikuwa mwanae anayempenda. Soksi za namna hiyo hazivaliwi kabla ateri hazijapimwa.

Hebu nijibu haya: akisimama tu wima maumivu yanaisha au mpaka akae au ainame? Usiku mguu unamuuma akilala? Kuna kidonda chochote kwenye vidole? Ana kisukari? Halafu mlaze, mwangalie miguu yote miwili ikiwa pamoja, mmoja usiuangalie peke yake.

Mtoto wa Mwisho
Asante sana dada Nesi (au mama, samahani sijui).
Akisimama wima inaisha, hana haja ya kukaa. Usiku analala vizuri. Kidonda hakuna. Kisukari kapimwa hana. Ila umesema niangalie miguu yote nikaangalia, aisee kumbe wa kushoto hauna vinyweleo kabisa kuanzia katikati ya ugoko, unang'aa, wa kulia vipo. Na ukishika vidole vya kushoto vina ubaridi. Miaka yote naishi naye sijawahi kuona.

Nesi Mstaafu
Mama inatosha, wajukuu ninao.

Kuisha kwa kusimama tu ndiko nilikotaka kujua. Uti wa mgongo ukibana mishipa ya fahamu nao unaleta maumivu ya miguu mtu akitembea, ila huyo mara nyingi kusimama hakumsaidii, mpaka akae au ainame mbele ndo anapata nafuu. Wa ateri akisimama popote anapata. Na kuisha vinyweleo na ubaridi wa upande mmoja vinaelekea huko huko.

Mrudisheni mkaombe apimwe presha ya vifundo vya miguu. Kipimo hicho hakina sindano. Analala chali anapumzika kidogo, wanampima presha mikono yote miwili kisha vifundo vyote viwili, ila badala ya ile ya masikioni wanatumia kikalamu cha dopla chenye jeli, unasikia damu inapita hushi hushi. Namba ya kifundo inagawanywa kwa ya mkono ule uliotoa kubwa. Ikija 1.00 mpaka 1.40 ni kawaida, 0.91 mpaka 0.99 yupo mpakani, 0.90 kushuka chini maana yake ateri zimeziba mahali. Ikifika chini ya 0.40 hapo mguu wenyewe upo hatarini. Akiminywa tu juu ya suruali tena mkatae kwa heshima.

Sukari Chungu
Naongezea kwa wenye wagonjwa wa kisukari wanaosoma hapa. Mama yangu alipimwa hicho kipimo ikaja 1.5 na kitu, tukapongezana mpaka tukapiga picha na karatasi. Kumbe ikizidi 1.40 sio sifa, ni kwamba ateri zimejaa chokaa zimekuwa ngumu kama bomba, ule mkanda wa presha hauziminyi ndo maana namba inapanda ya uongo. Inasomeka vizuri na kidole kinaoza. Daktari mwingine ndo akampima presha kwenye kidole gumba cha mguu maana vimishipa vya kule havigandi chokaa kirahisi, ukweli ukatoka. Na maji ya moto msifanye utani nayo, mwenye ganzi hasikii joto, anatoa mguu umebabuka na yeye anasema yalikuwa vuguvugu.

Mwendo Mdundo
Samahani kudandia uzi wa mtu. Mimi nimetoka safari ya masaa mengi nimekaa tu kwenye kiti, leo siku ya 3 mguu wa kulia umevimba kigimbi peke yake, una joto, ukiugusa unauma. Nijaribu hizo soksi au niuchue na mafuta?

Nesi Mstaafu
Mwendo Mdundo funga simu uende leo hii. Sio kesho. Mguu mmoja kuvimba ghafla baada ya kukaa muda mrefu unaweza kuwa damu imeganda ndani ya vena, na usiuchue hata kidogo. Watakufanyia ultrasaundi, wanaibonyeza vena na kile kifaa, nzima inabonyea inafunga, yenye donge haifungi. Ikithibitika unapewa dawa za kuzuia damu kuganda, mara nyingi si chini ya miezi 3. Na ukiona kifua kinabana, pumzi inakata au unakohoa damu basi hilo donge huenda limeshapanda kwenye mapafu, hapo ni dharura kabisa.

Mwendo Mdundo
Nipo njiani

Kigoda cha Nyuma
Nakiri nilikurupuka. Ila swali, huyu mzee akikutwa imeziba si wazibue tu kwa puto yaishe? Jamaa yangu alifanyiwa, kapitishiwa waya kwenye nena, puto likatanua, wakaacha na kibomba cha stenti, kesho yake anatembea.

Bado Nipo
Inategemea Kigoda. Kaka yangu hakuwa na muda wa kuchagua. Jioni tu mguu ukamshika maumivu makali ghafla, ukapauka ukawa baridi kama umetolewa kwenye friji, baada ya muda kidogo akawa hawezi kuchezesha vidole. Sisi tukamkanda. Tukamfunika blanketi. Tukasema asubuhi tutampeleka. Kumbe donge lilitoka kwenye moyo, mapigo yake yalikuwa hayaendi sawa, likaenda kuziba ateri ya mguu kabisa, na pale nyama inavumilia kama masaa 6 hivi. Tulivyofika asubuhi ilikuwa kukata juu ya goti. Huwa naandika hii kila nikiona uzi wa miguu, mnisamehe wanaonijua.

Mtoto wa Mwisho
Pole sana Bado Nipo, nimesoma mara mbili.

Mrejesho: kapimwa. Mikono 140 na 136, kifundo cha kulia 132, cha kushoto 78. Nimepiga hesabu mwenyewe, kulia 0.94, kushoto 0.56. Wakafanya na ultrasaundi ya dopla, ateri ya paja imeziba kipande. Nilitegemea wataniambia operesheni, daktari kaandika aspirini, statini ya kushusha kolesto (mafuta kwenye damu), dawa ya presha ameze kila siku sio akikumbuka, sigara aache leo, halafu eti ATEMBEE. Anaumwa akitembea wanamwambia atembee? Na kolesto yake wala haikuwa kubwa kihivyo, statini ya nini?

Nesi Mstaafu
Kakutana na daktari mzuri. Kilichoziba mguuni mara nyingi kipo pia kwenye mishipa ya moyo na kichwani, mtu wa namna hii ana hatari kubwa zaidi ya kupata shambulio la moyo au kiharusi kuliko kukatwa mguu. Aspirini na statini zinalinda huko, ndo maana hupewa hata kama kolesto haitishi.

Kutembea ndio dawa ya mguu wenyewe. Atembee mpaka kigimbi kianze kuuma hasa, asimame mpaka kiachie chote, aanze tena, jumla dakika 30 mpaka 45, mara 3 kwa wiki, si chini ya wiki 12. Maumivu yale hayaharibu kitu, vimishipa vya pembeni vinajitanua na msuli unajifunza kutumia hicho kidogo unachopata. Puto na ile operesheni ya kupandikiza vena kupita pembeni ya palipoziba zipo, ila kwa ambaye usiku halii na hana kidonda hakuna haraka, na palipozibuliwa panaweza kuziba tena hasa sigara ikiendelea. Siku mguu ukianza kumuuma amelala mpaka anauning'iniza nje ya kitanda, au kidonda kikagoma kupona, mrudishe bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Mwendo Mdundo
Ni donge kweli. Nimeanzishiwa dawa. Mungu akubariki mama.

Mtoto wa Mwisho
Wakuu wiki ya 10 leo. Sigara kapunguza kwanza, akaacha, akarudia msibani, sasa ana siku 31 na anazihesabu kwa sauti. Soksi dada kampa shoga yake. Kutembea tunatembea wote, mwanzo ilikuwa geti la kwanza tu kasimama, siku hizi tunavuka mageti saba. Juzi tuko katikati ya njia mzee kasimama katoa simu kaweka sikioni, nikamwambia baba usijifiche mguu ukiuma tupumzike tu. Kanikunjia uso kanionyesha kidole ninyamaze. Alikuwa anaongea na shangazi.