Zermatt kwa skii na ubao: tuanzie juu kwenye barafuto au chini?

Kiongozi_wa_Msafara

Ndugu wasafiri, salamu. Tuko sita, na nimekabidhiwa kazi ya kupanga safari ya siku saba kwenda Zermatt, Uswisi. Wawili kati yetu wamezoea skii, wawili (mimi nikiwemo) tunapanda ubao wa theluji kwa kiwango cha wastani, na wawili waliobaki hawajawahi kukanyaga theluji. Tulichagua Zermatt kwa sababu barafuto (mto wa barafu wa mlimani) ya Theodul hutelezwa mwaka mzima, kwa hiyo hatutegemei bahati ya theluji kuanguka kwa wakati.

Mpango wangu ni kwamba tufike Jumamosi jioni, kisha Jumapili asubuhi wote sita tupande kwa gari la kamba hadi kituo cha juu kabisa, Matterhorn Glacier Paradise, tupige picha kwenye lile jukwaa la mita 3,883 juu ya usawa wa bahari, na wageni wetu wapate somo lao la kwanza hukohuko juu, kwenye theluji ya uhakika. Jumanne tungevuka mpaka kwa kuteleza hadi Cervinia, upande wa Italia, na kurudi jioni.

Naomba ushauri kuhusu mwezi wa kwenda, kwani tunasita kati ya mwisho wa Novemba, mwisho wa Machi na Julai. Vilevile, wapo wenzangu wanaotaka tulale katika hoteli ya juu mlimani ili asubuhi tuwe wa kwanza kwenye njia, na sijui kama ni busara. La mwisho, wale wawili waanze na skii au ubao?

Mkongwe_wa_Miteremko

Ndugu Kiongozi, mpango wako ni mzuri, ila umeupindua juu chini. Siku uliyoiweka ya kwanza ndiyo inayopaswa kuwa ya nne au ya tano.

Kijiji cha Zermatt kiko takriban mita 1,600. Ukitoka hapo asubuhi hadi kituo cha juu kabisa, umepanda zaidi ya mita 2,200 ukiwa umeketi, kwa muda ambao mwili haujapata hata nafasi ya kugundua kwamba umehamishwa. Kiwango cha oksijeni hewani ni kilekile cha asilimia 21, lakini mgandamizo wa hewa huko juu uko chini ya theluthi mbili ya ule wa pwani, na kila pumzi inaleta kidogo. Mara yangu ya kwanza niliinama kufunga kiatu kwenye skii, nikafunga mguu mmoja, nikalazimika kusimama wima na kuvuta pumzi saba au nane kabla ya kuufunga wa pili. Nilikuwa kijana, na nilikuwa nafanya mazoezi kila siku. Ukakamavu haukukingi na mwinuko. Pengine hukudanganya, maana mwenye nguvu ndiye anayekimbilia juu.

Dalili za ugonjwa wa mwinuko za kuangalia ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio na sababu na usingizi wa kukatikakatika. Zikija, usipande zaidi; zikizidi, shuka mara moja, na hapo gari la kamba ni rafiki kuliko dawa yoyote. Mtu akianza kuyumba anapotembea, au kuhema akiwa amekaa tu, hiyo ni dharura.

Kwa sababu hiyo, laleni kijijini. Kuteleza juu mchana na kulala chini usiku ndiyo kawaida inayousaidia mwili zaidi, na hoteli ya karibu na mita 3,000 kwa usiku wa kwanza ni kujitafutia usiku mrefu. Siku ya kwanza nendeni Sunnegga, mita 2,288, ambako ndiko kuliko na uwanja wa wanaoanza. Siku ya pili pandeni treni ya Gornergrat, inayofika mita 3,089. Reli hiyo imekuwa ikipandisha watu tangu 1898, na kwa maoni yangu inaonyesha Mlima Matterhorn vizuri kuliko jukwaa la juu, ingawa najua wapo watakaonipinga. Baada ya hapo ndipo barafuto.

Somo la kwanza kwenye mita zaidi ya 3,500 silishauri hata kidogo. Anayejifunza huanguka na kuinuka mara arobaini kwa asubuhi moja, na kila kuinuka huko juu ni sawa na kupanda ngazi za ghorofa. Baridi nayo haisamehe: joto hupungua kwa takriban nyuzi 6.5 kila mita 1,000, hivyo kijijini pakiwa sifuri, juu mnaweza kukuta nyuzi 14 chini ya sifuri kabla upepo haujaongeza lake.

Ubao_Mmoja

Naungana na Mkongwe, na ninaongeza mambo ya sisi watu wa ubao, ambao kwenye barafuto tuna adha zetu.

Barafuto husogea. Barafu hiyo inatiririka polepole sana, na nguzo iliyosimikwa juu yake husogea nayo. Ndiyo maana juu ya barafuto utakuta lifti nyingi za kukokota, zile zenye fimbo ya umbo la T iliyogeuzwa, kwa kuwa nguzo zake ni rahisi kuhamishwa kuliko za lifti za viti. Mtu wa skii huiweka fimbo nyuma ya mapaja na kukokotwa akiwa ameelekea mbele. Sisi tunaiweka katikati ya mapaja, mguu wa mbele tu ukiwa umefungwa, mwili umekaa upande upande, na paja la mbele linawaka moto kabla ya kufika nusu ya njia. Ukianguka, achia fimbo na ujiburuze pembeni upesi, maana nyuma yako kuna watu wanakuja. Jizoezeni kwenye lifti fupi ya chini kwanza. Ramani ya njia isomeni pia kwa jicho la ubao: barafuto ina sehemu tambarare ambapo mtu wa skii hujisukuma kwa fimbo zake, nasi tunafungua kiatu na kutembea. Kila mkaribiapo tambarare, msipunguze mwendo mapema.

Kuhusu wale wawili, kwa siku sita ningewapa skii. Siku ya kwanza ya skii ni ya kuchekesha, lakini siku ya tatu wengi huwa wanashuka njia za bluu, ambazo Uswisi ndizo rahisi kuliko zote, zikifuatiwa na nyekundu halafu nyeusi. Ubao hukuadhibu mwanzoni na kukutunza baadaye. Siku mbili za kwanza ni makalio na viganja tu. Wakisisitiza ubao, wavae kinga za vifundo vya mikono, kwani anayeanza huanguka na kujikinga kwa mikono, na mfupa wa hapo huvunjika kirahisi. Kwa skii, kiungo cha kuhofia ni goti, na kinga yake ni vifungo vilivyorekebishwa kwa uzito, urefu, umri, kiwango cha mtelezaji na urefu wa soli ya kiatu. Mwambieni fundi wa duka ukweli. Watu hudanganya uzito kwa aibu na kiwango kwa majivuno, kisha kifungo kinakataa kuachia pale kinapotakiwa kuachia.

Na viatu visiwe vikubwa. Niliwahi kukodi vilivyonizidi kidogo kwa kuwa vilikuwa vya raha dukani, nikavaa soksi mbili kujazia. Kufikia saa sita mchana kisigino kilikuwa kinapanda na kushuka ndani kama mchi kwenye kinu, na soksi ya pili ilikuwa imejikunja chini ya unyayo. Soksi moja nyembamba, kiatu kinachobana bila kuumiza, basi.

Mwenda_Mpakani

Nitatofautiana kidogo na walionitangulia, kwa sababu mmezungumzia mwinuko na kuuacha upepo. Katika safari zangu tatu za barafuto, mwinuko haujaniharibia siku hata moja, lakini upepo umeniharibia nne. Sehemu za juu zikipigwa na upepo mkali, lifti hufungwa, na hakuna tiketi wala ratiba itakayozifungua. Kwa hiyo msiiwekee siku ya juu tarehe. Kila asubuhi angalieni hali ya lifti na utabiri, na asubuhi ya kwanza yenye utulivu baada ya siku tatu za kuzoea ndiyo iwe yenu.

Hili linahusu zaidi Cervinia. Kuvuka ni raha isiyoelezeka, lakini njia ya kurudi inapitia juu. Mimi nilikwama upande wa Italia alasiri moja upepo ulipozidi, na kurudi Zermatt kwa barabara ni safari ya saa kadhaa ya kuzunguka milima, kwa gharama ambayo sitaitaja nisije nikaikumbuka upya. Vukeni asubuhi, anzeni kurudi mapema kuliko mnavyodhani inafaa, na bebeni pasipoti. Tiketi inayojumuisha Italia ni ghali kuliko ya Zermatt pekee, hivyo ulizeni kama mnaweza kuongeza siku hiyo moja tu.

Mwezi? Mwisho wa Machi, bila kusita. Julai mtapata barafuto tu, tena kwa saa za asubuhi kabla theluji haijawa uji, na wale wawili wanaoanza hawatakuwa na uwanja wa chini. Novemba njia nyingi za chini huenda zisiwe zimefunguliwa na mchana ni mfupi. Machi mchana ni mrefu, na kwa kawaida theluji ya njia za juu bado ni nzuri.

Bima isomeni mstari kwa mstari. Kwa wanaohitaji viza ya Schengen, bima inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000, lakini kuwa nayo hakumaanishi kwamba inalipia michezo ya theluji au uokoaji kwa helikopta, na uokoaji Uswisi hulipiwa. Namba ya dharura ya matibabu huko ni 144.

Jambo la mwisho ni kwa wale wawili wenye uzoefu, maana ndio huponzwa. Nje ya njia zilizowekewa alama, barafuto ina mipasuko mirefu iliyofunikwa na daraja jembamba la theluji, nayo haionekani. Alama za skii za mtu aliyepita jana si ushahidi kwamba daraja litakubeba wewe leo. Bila kiongozi wa milima, kamba na vifaa vya kutafutia aliyefukiwa na maporomoko, bakini ndani ya nguzo zinazoonyesha njia.

Kiongozi_wa_Msafara

Nawashukuru sana. Nimeupanga upya: mwisho wa Machi, kulala kijijini, siku mbili Sunnegga na Gornergrat, wageni wakiwa na mwalimu kwa siku tatu za mwanzo, na siku ya juu itaamuliwa na upepo kuanzia siku ya nne. Cervinia tutakwenda wanne tu. Nimebakiwa na maswali mawili: je, tunywe dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, na miwani ya jua ya kawaida itatosha?

Mkongwe_wa_Miteremko

Kwa watu wanaolala mita 1,600 na kupanda hatua kwa hatua, wengi hawaihitaji. Ipo dawa iitwayo acetazolamide, ambayo huanzwa siku moja kabla ya kupanda, lakini haiwafai wote, hasa wenye mzio wa dawa za salfa, kwa hiyo mwenye ugonjwa wa moyo au mapafu, au aliyewahi kuugua mwinuko, amwone daktari kabla ya kukata tiketi. Maji nyweni hata msipohisi kiu.

Miwani ya kawaida haitoshi. Mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000, na theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 yake, ndiyo maana watu huungua chini ya kidevu na ndani ya pua. Chukueni miwani ya theluji yenye vioo viwili vya kubadilisha, cheusi cha kiwango cha 3 kwa jua na chepesi cha kiwango cha 1 kwa ukungu. Juu ya barafuto hakuna mti wala mwamba wa kukupa kivuli cha kulinganishia, na wingu likishuka, mbingu na ardhi huwa kitu kimoja cheupe. Nimewahi kudhani natembea kumbe nimesimama, nikaanguka nikiwa palepale. Likiwakuta hilo, fuateni nguzo za pembeni moja baada ya nyingine, na wale wawili wanaoanza wawe katikati yenu.

Kiongozi_wa_Msafara

Nimeelewa. Vioo viwili, na nguzo moja baada ya nyingine. Naenda kutafuta vyumba kijijini kabla havijaisha.