MREJESHO: Uzi mwekundu uliochujia kwenye foronya nyeupe

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kuhusu foronya nilizomdarizia mama kwa mishono ya msalaba: nilipofua, uzi mwekundu ukachuja na kitambaa cheupe kikawa waridi.

Asanteni mno. Nilifuata ushauri wa kuloweka kwenye beseni la maji mengi ya baridi na sabuni kidogo ya maji ya vyombo, bila kufikicha wala kukamua. Maji nilibadilisha mara saba, uvumilivu unahitajika! Foronya moja imerudi nyeupe kabisa. Ya pili nilishaipiga pasi kabla ya kuuliza, na pale doa limebaki, hafifu lakini lipo. Mama anasema halionekani (mama ni mama).

Chumvi na siki nilijaribu kwenye kipande cha uzi. Uzi uliendelea kuchuja vilevile. Sasa uzi mwekundu na mweusi nausuuza kabla ya kudarizi, kisha naubana na kitambaa cheupe kibichi. Kikitoka na rangi, narudia kuusuuza. Jiki sikuthubutu.