Msaada wakuu: tenki tupu, pampu haiwaki

Njiwa_Manga: Wakuu, naombeni ushauri wa haraka. Nimemfungia mteja Arduino Uno, ile bodi ndogo ya kompyuta, kwenye tenki la maji: boya likishuka, pampu iwake. Tangu juzi tenki limekauka na pampu kimya. Nimepima mguu wa 2, volti sifuri kama inavyotakiwa. Ninunue bodi mpya au nibadilishe sensa?

Mzee wa Waya: Anza na relei, ile swichi inayopeleka umeme kwenye pampu. Mimi ziliniungulia tatu ndani ya wiki moja, kumbe umeme wa mtaa ule ulikuwa unapanda na kushuka.

binti_kompaila: Usinunue kitu kwanza. Weka hapa mstari wa programu unaoamua pampu iwake.

Njiwa_Manga: Mstari hauna shida dada, nimeusoma mara kumi. Shida ni vifaa.

binti_kompaila: Uweke tu.

Njiwa_Manga: `if (PIND & 0x04 == 0) washaPampu();`

binti_kompaila: Ndiyo hapo. `PIND` ni hali ya miguu ya bodi, na `& 0x04` ni ya kubakisha mguu wa 2 tu. Ila kwenye C, lugha ya programu hiyo, `==` inatangulia `&`. Kompaila, inayoitafsiria bodi programu, imesoma `PIND & (0x04 == 0)`. 4 si sawa na 0, kwa hiyo mabano yanatoa 0, na chochote ukikipitisha `&` na 0 unabaki na 0. Pampu haitawaka hata tenki lipasuke kwa ukavu. Andika `if ((PIND & 0x04) == 0)`.

Kobe Mtulivu: Mimi nilikesha na `if (1 < x < 10)`. Alama hizo hushikana kuanzia kushoto: `1 < x` inatoa 0 au 1, na zote mbili ni ndogo kuliko 10. Sharti likawa kweli siku zote! Hilo la `&` lina historia yake. Lugha ya B, iliyoizaa C, haikuwa na `&&`; ndani ya `if`, `&` ilibeba kazi zote mbili, ya kuchuja biti na ya kuunganisha masharti. `&&` ilipoingia, Dennis Ritchie, aliyeunda C, aliiacha `&` chini ya `==` ili programu zilizokwisha kuandikwa zisiharibike.

Njiwa_Manga: Sasa wakuu, mwenye tenki nimeshamwambia sensa imekufa. Hela ya mpya ameshatuma. Ila ile ya zamani ina kutu, angeibadilisha tu hata hivyo.

Mzee wa Waya: Kumbe! Rudisha hela ya watu, kijana. Mwenye tenki ana majirani, na majirani nao wana matenki.

Shahidi wa Pili: Hii chai. Ukiwasha maonyo kwa `-Wall`, gcc, yaani kompaila yenyewe, inakuambia kabisa uweke mabano hapo. Asingeweza kukosa kuona.

binti_kompaila: Arduino IDE, programu ya kuandikia kodi ya bodi hizi, huja maonyo yakiwa yamezimwa. Wengi hawajui hata yanawashiwa wapi.

Shahidi wa Pili: Basi atuwekee picha ya tenki.

Njiwa_Manga: Picha sina, niko juu ya ngazi. Nimeweka mabano, pampu imewaka, boya linapanda. Mwenyewe kanipigia mara mbili, sijapokea.