Naomba ushauri: kupeleka batoto waone daraja ya Ruzizi

Jambo bandugu na badada wa Bukavu, naombeni shauri. Niko mwalimu, batoto wa mwaka ya sita tumebasomesha kama Ruzizi inatoka ziwa Kivu inateremuka mpaka Tanganyika, sasa banataka kuona na macho yao ile daraja ya kuenda Rwanda na maji inapita chini yake mbio, na mimi naona ni somo kabisa. Nilienda kuuliza kwa mupaka, mumoja akasema muje tu, mwengine akasema bila karatasi hapana, na batoto wengi habana hata moja. Kuko fasi huku kwetu yenye daraja inaonekana muzuri bila kuvuka? Na ruhusa ya kupiga foto inaombwa kwa DGM (ofisi ya uhamiaji) ao kwa meri (ofisi ya muji)? Aksanti sana.