Naomba ushauri: kuandaa lami ya mbele ya gereji kabla ya kuipaka dawa nyeusi (niko Minnesota)

MgeniWaTheluji

Wakuu, habari za jioni. Januari mwaka huu tulihamia nyumba yetu ya kwanza hapa Brooklyn Park. Siku tunaikagua, mbele ya gereji palikuwa na theluji ya magotini, kwa hiyo njia ya gari hatukuiona. Ilipoyeyuka ndipo tukajua tumenunua nini.

Ni lami, upana futi 16, urefu kama futi 45. Imepauka mpaka imekuwa kijivu. Nyufa zipo za kila saizi: nyingine kama unywele, na moja imekatiza kutoka upande hadi upande, kidole cha shahada kinazama chote, na humo majani yamejiotea. Aliyekuwa akiishi hapa nadhani alikuwa na gari linalovuja, kuna doa la oili la ukubwa wa sinia. Halafu kwenye kona karibu na mlango wa gereji lami imekatikakatika vipande vidogo, ukikanyaga vinacheza.

Binti yetu anapata kipaimara Jumapili ya mwisho ya mwezi huu wa Septemba, na mama watoto ameshasema wageni hawapiti kwenye "ule uchafu". Madukani nimeona ndoo za galoni 5 za ile dawa ya kupaka, wenyewe wanaita silikoti. Mpango wangu: Jumamosi hii nifagie, nimwage, nisambaze, nimalize.

Kuna jamaa pia aligonga mlango jana, eti ana dawa iliyobaki kwenye kazi ya jirani, atanipakia kwa dola 600 taslimu, leo hii hii. Mnanishaurije? Kwetu Moshi hatukuwahi kupaka lami, lami ilikuwa ya serikali.

FundiMstaafu

Mkuu, karibu kwenye klabu. Kabla ya ndoo, nijibu jambo moja: hiyo kona inayocheza, bomba la gata linamwaga wapi?

MgeniWaTheluji

Nimetoka na tochi kuangalia. Linamwaga palepale! Umejuaje?

FundiMstaafu

Nimefanya kazi za lami majira ya joto tisa hapa hapa Minnesota, nyufa za ngozi ya mamba nazijua hata kwa simu. Hapo tatizo haliko kwenye lami, liko chini yake. Maji ya paa yanaingia, kokoto za chini zinalowa, baridi inakuja yanaganda na kuvimba, masika yanayeyuka, udongo unabaki uji. Gari likipita lami inakosa pa kuegemea. Ukipaka dawa juu yake umepaka wanja kwenye jicho linalouma.

Kwa hiyo anza na bomba. Nunua kipande cha kurefusha, maji yakamwagike kwenye nyasi, futi 5 au 6 kutoka hapo. Kisha ng'oa vipande vyote vinavyocheza mpaka ukutane na kingo ngumu. Choma sepetu chini: kama ni tope, toa tope, weka kokoto kavu, shindilia. Halafu lami baridi ya mfuko (ile isiyopashwa moto), unaimwaga kwa tabaka la inchi 2, unashindilia, unaongeza tabaka. Ya juu iache imevimba kidogo, weka ubao wa plaiwudi, pita na gari mbele na nyuma mara kadhaa.

Hicho kiraka USIKIPAKE dawa mwaka huu. Lami baridi inahitaji mwezi au zaidi kukauka ndani, ukiifunika mapema inabaki laini kama chapati. Kipake kiangazi kijacho. Kiraka chenyewe ni cheusi, wageni wa kipaimara hawatajua.

MamaWawili

Fundi amemaliza kona. Mimi niongelee doa la oili, kwa sababu lilinitesa. Mwaka wangu wa kwanza hapa Massachusetts nilipaka mbio mbio kabla ya zamu ya usiku hospitali, nikasema hii dawa ni nyeusi na oili ni nyeusi, nani ataona. Baada ya wiki tatu dawa ikaanza kubanduka pale pale, duara kamili, kama ngozi ya maziwa kwenye chai.

Nilichojifunza: kama oili bado mbichi, mwaga ule mchanga wa choo cha paka, uusugue kwa kiatu, uache usiku kucha, ufagie. Halafu sabuni kali ya kuondoa mafuta na brashi ngumu, suuza, rudia. Ikishakauka, dondoshea maji kidogo. Yakikaa kama shanga, mafuta bado yamo. Yakinywewa, uko sawa. Hata hivyo bado upake praima ya madoa ya oili hapo kabla ya dawa, ni kopo dogo tu.

Na tafadhali, viatu vya kazi viishie nje. Zulia langu la sebuleni lina nyayo saba mpaka leo.

Kijana_wa_Tandale

Huyo wa dola 600 mkimbie! Mimi nilimpa wa aina hiyo hiyo pesa. Walikuja watu wawili na tangi, dakika 25 wamemaliza, lami inang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Mvua ya kwanza maji meusi yakatiririka mpaka mtaroni. Namba ya simu haipatikani tena. Hadithi ya "dawa iliyobaki" ni ya miaka mingi hapa Marekani, mwenye kampuni ya kweli anakuandikia bei na kukuachia karatasi.

MzeeWaKazi

Mimi nasema asihangaike na hizi za maji za madukani. Atafute ile ya lami ya makaa ya mawe, aivushe kutoka jimbo jirani. Haiogopi petroli wala oili, inadumu.

FundiMstaafu

Mzee wangu, kuhusu kudumu hujakosea. Ila Minnesota ilipiga marufuku jimbo zima tangu 1/1/2014, kuuza na kupaka. Sababu ni zile kemikali zinazoitwa PAH, baadhi yake zinasababisha saratani. Ile ya makaa ya mawe inazo takriban mara 1,000 kuliko hii ya lami. Inasagika kwa matairi, vumbi linaingia ndani na kwenye mabwawa ya maji ya mvua, na miji hapa imegharamika sana kusafisha tope la mabwawa hayo. Mkuu wetu ana watoto wanaochora chaki hapo nje. Achukue ya lami.

MgeniWaTheluji

Shukrani wakuu. Jamaa wa 600 nimemwambia mke wangu ndiye waziri wa fedha, hajarudi. Sasa hizo nyufa? Na ninunue ndoo ngapi?

FundiMstaafu

Nyufa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wanapochoka. Ng'oa majani na mizizi yake. Ukiziba juu ya mzizi hai, mzizi huo utaisukuma gundi yote nje. Kwaruza ndani ya ufa kwa bisibisi ya zamani, pitisha brashi ya waya, kisha mashine ya kupulizia majani itoe vumbi. Vumbi likibaki, gundi inashika vumbi, haishiki lami.

Wa unywele usijisumbue, dawa yenyewe itaujaza. Kuanzia robo inchi mpaka nusu, tumia gundi ya nyufa ya chupa, ya kumimina. Huo unaoingia kidole, kwanza sindilia kamba ya sponji au mchanga mkavu mpaka ibaki nafasi ya robo inchi juu, ndipo umimine gundi. Itabonyea ikikauka, rudia kesho yake. Usiijaze mpaka ikavimba juu ya lami, koleo la theluji litaing'oa Desemba.

Kingo nazo zitazame. Nyasi zinatambaa juu ya lami, na mara nyingi ukikata kwa sepetu unakuta umepata inchi 4 za njia ambazo hukujua unazo.

Kuosha: mashine ya presha ni sawa lakini usiisogeze karibu, itachimbua kokoto. Baada ya kuosha acha ikauke siku nzima, kwenye kivuli siku mbili.

Ndoo: 16 mara 45 ni futi za mraba 720. Kwenye ndoo wanaandika futi 350 hivi, lakini lami kavu kama yako inakunywa. Mkono wa kwanza wa kupaka hesabu ndoo 3, wa pili 2. Mikono miwili myembamba, usithubutu mmoja mzito. Koroga mpaka chini kabisa, mchanga umelala huko.

MamaWawili

Na hali ya hewa! Isishuke chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit (10 za Selsiasi), mchana NA usiku, na mvua isiwepo saa 24. Septemba mwishoni huko kwenu usiku ni kamari. Na mlango wa gereji ubandike tepu chini, pamoja na ile zege ya kizingiti.

MgeniWaTheluji

Mrejesho. Jumamosi ya kwanza sikugusa dawa kabisa. Bomba, kona, nyufa, doa. Kona nilichimba futi nzima, chini kulikuwa na tope linalonuka kama bwawa la samaki. Doa nimesugua mara tatu ndipo maji yakanywewa. Wiki iliyofuata tukapata siku tatu za jua, usiku nyuzi 55, nikapaka Jumatano na Alhamisi kwa fagio la mpira, nikianzia mlangoni kurudi barabarani. Tulikaa siku mbili magari yako mtaani.

Kipaimara kimepita salama. Kasoro ni moja: mti wa jirani umeanza kupukutisha, na jani moja lilitua kabla ya mkono wa pili kukauka, alama yake imebaki kama mhuri wa posta. Mke wangu anasema pamependeza.

Swali la mwisho: nina nusu ndoo imebaki. Naweza kuiacha gereji mpaka kiangazi?

FundiMstaafu

Gereji yako ina hita?

MgeniWaTheluji

Haina.

FundiMstaafu

Basi iteremshe chini, besimenti. Ina maji ndani, ikiganda mara moja tu inakuwa mtindi, haikorogeki tena. Funga kifuniko vizuri na umwombe waziri wa fedha ruhusa.