Mwanafunzi akiuliza "tumejuaje?" amekosa adabu?

MamaKelvin
Wakuu, habari zenu. Mwanangu yuko sekondari. Wiki iliyopita mwalimu wa jiografia alifundisha kwamba katikati ya dunia kuna kiini cha chuma. Mtoto akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama hakuna aliyefika huko, tumejuaje?" Akaambiwa aandike, asipoteze muda wa wenzake. Darasa zima likacheka. Tangu siku ile daftari la somo hilo halifungui.

Nikamkumbuka Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Kitanzania aliyeuliza kwa nini cha moto kiligande kabla ya cha baridi. Mwaka 1963, Magamba Sekondari kule Lushoto, wanafunzi wanatengeneza aiskrimu, nafasi kwenye friza inagombewa. Mwenzake akaingiza maziwa bila kuyachemsha, yeye akaingiza yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake yameganda, ya mwenzake bado uji. Kuuliza sababu, mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Hakuacha. Alipofika Mkwawa, Iringa, akamuuliza Dkt. Denis Osborne, mtaalamu wa fizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar. Wenzake wakamcheka, lakini Osborne akaenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja waliyoyaona.

Wanafalsafa wana jina la elimu ya kuchunguza tunajuaje tunachojua: epistemolojia. Kwangu mimi ni swali moja tu: umejuaje? Kwa nini shule zetu zisilifundishe tangu chini? Sisi tuliolelewa kumeza kila tunachoambiwa ndio tuliojaza magari mwaka 2011 kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, dawa ya mti iliyosemwa inaponya magonjwa sugu.

ChakiNyeupe
Mama, hapo umetuchoma walimu. Darasa langu lina watoto 87. Mtihani wa taifa utauliza tabaka za dunia, hautauliza zilijulikanaje. Nikisimama kujibu kila "tumejuaje" silabasi haiishi, na matokeo yakitoka mtakuja ofisini kuniuliza mimi. Mwalimu kuchekesha darasa hakufanya vizuri, hilo nakubali. Lakini msituone kama maadui wa akili za watoto wenu.

Fizikia_Mbeya
Kuhusu Mpemba, tuwe waangalifu. Mwaka 2016 Burridge na Linden kule Uingereza walirudia majaribio hayo wasione kitu cha kuaminika. Walionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto sentimita moja tu juu au chini, majibu yanaweza kugeuka. Wengine bado wanatetea kwamba cha moto kinaweza kuganda kwanza. Kwa hiyo mfano wako wenyewe haujatulia.

MamaKelvin
Mkuu, hapo ndipo ninapotaka tufike. Miaka zaidi ya 50 watu wanapima maziwa na maji kwa sababu kijana mmoja hakunyamaza. Awe alipatia au alikosea, swali lake lilistahili friza, si kicheko.

KijanaWaSame
Nimesoma mpaka mwisho wa bandiko la kwanza nikashindwa kuendelea. "Tuliolelewa kumeza". Mama yangu alikwenda Samunge. Nilikuwa na miaka 16, nilimsindikiza. Tulilala kwenye foleni siku nne, gari mbele gari nyuma mpaka macho yanaishia. Tukalipa shilingi 500, akanywa. Aliondoka Same amebebwa, akarudi anatembea kwa miguu yake. Usimwite mama yangu mtu wa kumeza.

MamaKelvin
Pole ndugu yangu, sikumlenga mzazi wako. Nilisema sisi, na mimi nimo.

KijanaWaSame
Umewalenga wote waliokuwa kwenye ile foleni. Na walikuwemo viongozi, madaktari na maprofesa. Hao nao hawakufundishwa kuuliza?

SistaWaZamu
Naongea kama muuguzi. Mwaka ule nilikuwa kliniki ya magonjwa sugu. Wapo waliorudi kutoka Samunge wakaacha ARV, na wengine insulini, kwa sababu waliamini wamepona. Nilikuwa napitia kadi zao: tarehe ya kuchukua dawa, nafasi tupu, nafasi tupu, halafu jina halionekani tena. Ukiwapigia simu, anapokea ndugu. Babu mwenyewe, Mchungaji Mwasapila, alikuwa mzee wa watu, na 500 ile haikumtajirisha. Mimi sihukumu nia yake. Nauliza tu, mtu alijuaje kwamba amepona? Kujisikia nafuu ni jambo moja, kipimo ni jambo jingine.

Mwarobaini
Haya ndiyo yanayoniudhi. Kikiwa cha kwetu, "umejuaje". Kikija kwenye boksi lenye maandishi ya Kizungu, kimya. Mseto wa malaria mnaomeza umetokana na mmea wa Wachina, waliutumia mamia ya miaka kabla ya maabara. Mugariga, aliouchemsha Babu, ni mti, una dawa ndani yake. Wazee walijua.

SistaWaZamu
Ndugu, umenisaidia. Tu Youyou, mwanasayansi wa Kichina aliyeipata dawa hiyo ya malaria, alisoma vitabu vya kale vya Wachina kweli, lakini hakuishia kwenye kusoma. Dawa ya kuchemsha ilipokosa nguvu, akakisia kwamba moto ndio unaoiharibu, akaitoa kwa njia isiyohitaji joto kali. Wakajaribu kwa wanyama, kisha yeye na wenzake wakainywa wenyewe kabla ya wagonjwa. Nobeli ya 2015 ilikuja baadaye sana. Wazee wa Kichina waliulizwa "mmejuaje" na mtu aliyewaheshimu. Babu alisema dawa haifanyi kazi isipotoka mkononi mwake. Sasa hapo unapimaje?

ChakiNyeupe
Tumeacha shule tumehamia Loliondo. Nina hoja na naomba ijibiwe. Karibu kila tunachojua tumeambiwa. Sijawahi kuona kirusi. Tarehe yangu ya kuzaliwa nimeambiwa na mama. Mtoto akifundishwa kutilia shaka kila kitu hatajifunza chochote, lazima aamini kwanza. Kazi ni kumfundisha nani wa kuaminiwa na kwa sababu gani, na hiyo ni ngumu kuliko kusema "uliza".

KijanaWaSame
@SistaWaZamu unaongea kana kwamba mama yangu aliacha dawa. Hakuacha.

SistaWaZamu
Sikusema hivyo, ndugu. Alikuwa anaumwa nini, kama si siri?

KijanaWaSame
Sukari.

Mchimbaji_Geita
Mtoto wa mleta mada hajajibiwa mpaka sasa. Mwambie hivi. Warusi walichimba kule Kola zaidi ya kilomita 12 wakakwama, na mpaka katikati ni kama kilomita 6,370. Kwa hiyo ana haki, hakuna aliyefika. Ila tetemeko likitokea, mitikisiko hupita ndani kwa ndani. Aina moja hupita kila mahali, nyingine haipiti kwenye kimiminika. Vipima tetemeko vya upande wa pili wa dunia vinaikosa hiyo ya pili, ndipo tukajua kuna kimiminika njiani. Mwaka 1936 mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, akaona mawimbi yakitokea mahali ambapo hayakutakiwa kuwepo, akasema humo ndani kuna kiini kingine tena. Ni kama fundi anavyogonga ukuta kusikiliza palipo wazi. Sisi mgodini tunagonga mwamba wa juu kwa chuma kabla ya kuingia. Sauti ikibadilika, unatoka mbio.

MamaKelvin
Asante sana. Nimemsomea, akaomba nirudie hapo pa kugonga ukuta.

SistaWaZamu
@KijanaWaSame kama unakumbuka, kabla ya safari sukari yake ilisoma ngapi? Na baada ya miezi mitatu?

KijanaWaSame
Sijui. Alifariki 2013.

SistaWaZamu
Pole sana. Nisamehe, sikujua.

Mwarobaini
Mmeona sasa? Mmemhoji mpaka marehemu. Elimu gani hii?

KijanaWaSame
Acha, Mwarobaini, usinisemee. Sista ameuliza kistaarabu. Daftari lake la kliniki lipo kwenye sanduku, kwa dada yangu. Sijawahi kulifungua. Nilichoona kwa macho yangu ni mama anashuka kwenye Land Rover bila kushikwa mkono, na hilo hakuna namba itakayolifuta. Namba nitaziangalia nikiwa tayari.