Fundi aliyening'olea sensa ya kugonga leo ananiuliza kama nilikuwa nalikanyaga gari

Wakuu, naandika nikiwa bado nimesimama nje ya gereji na mikono inatetemeka. Fundi mwenyewe mnamjua, kwa hiyo sitamtaja. Ni yule wa kompyuta iliyojaa stika, ambaye kila mwenye Subaru hapa Mwanza hupelekwa kwake na rafiki asiyemtakia mema. Asubuhi hii, akiwa ameshika pistoni yangu iliyomeguka pale ringi zinapokaa, mbele ya wateja wake wote na mama anayewauzia chapati, ameniuliza: "Kwani bosi, ulikuwa unalikanyaga?"

Nimemlipa aniongezee nguvu, halafu anashangaa kusikia kwamba niligusa mafuta. Alidhani nitalisukuma kwa mikono mpaka Usagara?

Kilichotokea kilionekana tulipoinua manifodi ya hewa. Injini ya Subaru yangu, EJ20, ina sensa ya kugonga iliyofungwa kwa bolti juu ya bloku, na kazi yake ni kusikiliza tu kama injini inagonga, yaani kama mafuta yanalipuka yenyewe ndani ya silinda na kuipiga pistoni. Ndani yake mna kauri inayotoa umeme ikitikiswa, na kwa silinda yenye kipenyo cha milimita 92 mlio wa kugonga huwa karibu na kiloherzi 6. Kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikiusikia, hurudisha taimingi (wakati wa kupiga cheche) nyuma nyuzi kadhaa, kisha huisogeza mbele tena kidogo kidogo hali ikitulia. Sensa yangu haikuwepo. Nyaya zake zilikuwa zimeungwa kwenye rizista ndogo kama punje ya mchele, imeviringishwa utepe mweusi, ili kontroboksi ione sakiti ni nzima na taa ya injini isiwake. Juu ya hapo aliongeza taimingi nyuzi 5 kwenye gari la turbo lililopangiwa petroli ya Japani yenye okteni (uwezo wa kuhimili kugonga) karibu na 100, akaniruhusu niondoke na injini kiziwi, cheche ikipigwa mapema mno kabla pistoni haijafika juu.

Nilipomuuliza kwa nini aliitoa, alijibu kwamba sensa "ilikuwa inalibania gari". Kisha, kwa sauti ya upole ya kumsemesha mgonjwa, akarudia: "Lakini kweli, ulikuwa unalikanyaga?" Mama wa chapati aliweka mwiko chini ili acheke vizuri.

Kijana wa Bwiru: Pole sana mkuu, lakini swali la fundi halijajibiwa. Ulikuwa unalikanyaga au hukulikanyaga?

Mleta uzi: Nilikuwa nalikanyaga, na likipona nitalikanyaga mbele ya gereji yake!

Mzee wa Logi: Mleta uzi, hasira zako ni za haki ila usomaji wako ni hafifu. Ungechomeka kifaa cha kusoma kontroboksi siku ya kwanza tu, ungeona kwamba marekebisho ya kugonga yamesimama kwenye sifuri hata ukiwa umebana mafuta hadi mwisho, na sifuri ya namna hiyo ingekutia shaka. Wala asikudanganye mtu kwamba huku ziwani, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa hiyo injini haitagonga. Nafuu hiyo ni ya gari lisilo na turbo, kwa sababu turbo huishindilia hewa mpaka ifikie presha iliyopangiwa.

Dada Altezza: Afadhali wewe uliyeng'olewa sensa. Wangu aliifunga kwa spana ndefu na nguvu zake zote, wakati sensa za aina hiyo hufungwa kwa nyutoni mita 20 hivi, nayo ikaanza kusikia kugonga ambako hakupo. Kontroboksi ikawa inachelewesha moto muda wote, na injini ya mgandamizo wa 11 kwa 1 na ushei ikapitwa na bajaji iliyobeba magodoro. Fundi akaniambia nipunguze uzito.

Kijana wa Bwiru: Wa gari au wako?

Mwaloni Kirumba: Ninyi mnalilia sensa ambazo sisi wa mashine za boti za stroki mbili hatujawahi kuziona. Fundi wangu alilegeza sahani ya stata, ile inayobeba koili za moto, akaizungusha ili moto uwahi, akaahidi kwamba nitafika Ukerewe kabla dagaa hawajajua kuwa wamevuliwa. Pistoni ilitoboka katikati ya maji, tundu la kuingia kidole, na nilipovutwa hadi mwaloni alisema nilipakia kupita kiasi.

Mzee wa Logi: Petroli na oili ulichanganya kwa uwiano gani?

Mwaloni Kirumba: 25 kwa 1, na kabla hujasema 50 kwa 1, mzee wangu, tambua kwamba huo ndio ulioniulia mashine ya kwanza.

Dada Altezza: Haiwezekani. Shemeji yangu yuko Nansio, anatumia 50 kwa 1 na mashine yake haijawahi kufunguliwa.

Mwaloni Kirumba: Shemeji yako anavua au anavusha abiria?